Kuanzisha kikundi cha mjadala wa kifeministi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ili kikundi cha mjadala kianze, vinatosha vitu vitatu: watu watatu wanaoaminiana, mahali pa kukaa bila kusikilizwa na wapita njia, na swali moja zuri. Wengi huhangaika kwanza na jina, nembo, katiba na fulana, na wakishavipata wanajikuta wamekaa kwenye duara hawana la kuzungumza. Mwongozo huu umeelemea upande wa swali na namna ya kulizungumza, kwa sababu vikundi hupona au hufia hapo.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1865 jijini London wanawake walianzisha chama kidogo cha majadiliano kilichoitwa Kensington Society. Wanachama walipewa maswali, wakaandika majibu yao, kisha wakakutana kuyajadili. Moja ya maswali ya mwaka huo lilihusu wanawake kushiriki katika mambo ya umma. Mwaka uliofuata baadhi ya wanachama hao walikuwa mstari wa mbele kukusanya saini karibu 1,500 za kuomba wanawake wapewe haki ya kupiga kura, na mbunge John Stuart Mill akalifikisha ombi hilo bungeni.

Karibu karne moja baadaye, mwaka 1967, kikundi cha New York Radical Women kilianza kukutana nchini Marekani. Mbinu iliyokuzwa na wanawake hao ni rahisi: mnazunguka chumba, kila mmoja anajibu swali lilelile kutokana na maisha yake mwenyewe. Ungependa kuzaa wa kike au wa kiume, na kwa nini? Mwanamume wako akipata pesa nyingi kuliko wewe, mambo yanakuwaje ndani? Na wewe ukipata nyingi kuliko yeye? Kila mmoja alikuja akidhani tatizo ni lake peke yake, la ndoa yake au la bosi wake. Mzunguko ulipoisha, mambo yalikuwa yamefanana mno kuitwa bahati mbaya. Mwaka 1968 mwenzao Kathie Sarachild akaiandikia mbinu hiyo mpango kamili. Ndiyo ninayoieleza hapa, pamoja na marekebisho ambayo vikundi vya baadaye vililazimika kuyafanya.

Hatua ya 1: Amua kikundi ni cha nini

Kuna kikundi cha kusoma, cha kusaidiana, cha harakati, na cha kuzungumza na kuchambua. Vyote ni vizuri, ila kila kimoja kinadai muda wake, na ukivichanganya tangu siku ya kwanza kimoja kitavimeza vingine. Hasa angalia pesa. Kikundi kikianzisha mfuko wa kukopeshana, baada ya muda kikao kizima kitakuwa cha marejesho, faini na nani hajalipa. Kama wanachama wanataka mfuko, waufungulie siku yake na daftari lake.

Andika sentensi moja inayosema mtakachofanya. Kwa mfano: "Tunakutana kuzungumza yaliyotupata kama wanawake, kutafuta chanzo chake, na kuona la kufanya." Sentensi hiyo itakusaidia siku mtu atakapokuja na wazo la kugeuza kikao kuwa semina ya ujasiriamali.

Amua pia mapema, kwa maneno wazi, mlango uko wazi kwa nani. Wanaume waje? Maoni yangu: mada zikiwa za mwili, ndoa na ukatili, anzeni wanawake peke yenu. Mwanamume mwema kuliko wote akikaa kwenye duara, mazungumzo hubadilika. Watu huanza kuchagua maneno, na nusu ya muda huishia kumweleza au kumtuliza. Mada zikiwa za kazi, malezi au sheria, mchanganyiko unaweza kufaa sana. Na wanaume wanaotaka kwa dhati hawazuiwi kuanzisha duara lao, wakaulizana wao kwa wao walifundishwa nini kuhusu kuwa mwanamume, na imewagharimu nini.

Hatua ya 2: Tafuta wenzako wawili

Usianze peke yako. Ukianza peke yako kikundi kitakuwa chako, na siku ukiumwa hakuna kikao. Wanaofaa si lazima wawe marafiki zako wa karibu kuliko wote. Marafiki watatu wa kufa na kuzikana wanaoalika watu wengine saba wameshatengeneza tabaka mbili kabla mtu hajafungua mdomo. Angalau mmoja awe mtu ambaye maisha yake hayafanani na yako: umri mwingine, kazi nyingine, dini nyingine, ana watoto wewe huna, au anaishi na ulemavu.

Sharti hilo la kuwa na asiyefanana na wewe si la kupamba picha. Mwaka 1974 wanawake weusi wa Boston walianza kukutana katika kikundi walichokiita Combahee River Collective, na mwaka 1977 wakatoa tamko lao. Waliona kwamba harakati za wanawake weupe zilizungumza kana kwamba wanawake wote wana maisha mamoja, na harakati za watu weusi zilizungumza kana kwamba weusi wote ni wanaume. Wao walikuwa wanabanwa na ubaguzi wa rangi, wa jinsia na wa kitabaka kwa pamoja, na hapakuwa na mkutano uliowaona wakiwa watu kamili. Ukiwaalika wanaofanana na wewe tu, utatengeneza mkutano wa namna hiyohiyo.

Watatu nyinyi mkutane mara moja au mbili kabla ya kualika mtu, na mjibu swali lenu la kwanza wenyewe. Likiwashinda, litawashinda na wageni.

Hatua ya 3: Idadi, mahali na saa

Idadi iamuliwe kwa hesabu. Kila mtu akipewa dakika tano, watu wanane wanamaliza mzunguko kwa dakika arobaini, na mnabakiwa na muda wa kujadili yaliyosemwa. Wakiwa ishirini, mzunguko peke yake unakula saa moja na dakika arobaini, watu wamechoka na hakuna aliyejadili chochote. Kati ya sita na kumi na wawili ndipo pazuri.

Mahali pawe pa bure, panapofikika kwa kiti cha magurudumu, karibu na usafiri wa umma, na penye mlango unaofungwa. Chumba cha maktaba, ukumbi mdogo au darasa lisilotumika mwishoni mwa wiki vinafaa. Sebule ya mwanachama inafaa ikiwa tu hakuna mtu wa nyumba hiyo atakayekuwa anapita na kurudi "kutafuta chaja". Mwenye nyumba naye huwa hatulii, anahudumia badala ya kuzungumza.

Kuhusu saa, waulize wanawake wenyewe, na uliza hasa wale wenye watoto wadogo na wale wanaotoka kazini usiku. Jiulize mtu atarudije nyumbani. Kikao kinachoisha giza limeingia kimeshawaondoa wengi bila kuwafukuza. Watoto waruhusiwe, na awepo mtu wa kukaa nao chumba kingine kwa zamu. Mtoto mchanga wa kunyonya hasumbui. Ila mtoto wa miaka sita anasikia kila kitu, na jioni atakisimulia.

Kila baada ya wiki mbili ni mwendo mzuri. Kila wiki watu hushindwa, na mkikutana mara moja kwa mwezi, anayekosa kikao kimoja atakuwa amekaa miezi miwili bila kuwaona.

Hatua ya 4: Alika mtu mmoja mmoja

Tangazo la jumla huleta watazamaji. Mwaliko wa ana kwa ana, au ujumbe unaomlenga mtu, huleta wanachama. Uwe mfupi na useme yote ambayo mtu angeogopa kuuliza:

"Habari dada. Mimi na wenzangu wawili tunaanzisha kikundi kidogo cha wanawake cha kuzungumza mambo yetu: kazi, pesa, ndoa, malezi, usalama. Si semina, hakuna mgeni rasmi wala mchango. Hatutazidi kumi. Jumamosi hii, saa tisa hadi saa kumi na moja jioni. Swali la siku ni: jana, tangu ulipoamka hadi ulipolala, ulifanya kazi gani ambazo hakuna aliyekulipa? Ukija na mtoto yupo wa kumwangalia. Nijibu mimi mwenyewe, tafadhali usiusambaze kwenye magrupu."

Ona kwamba neno ufeministi halimo. Wako watakaosema huo ni woga. Mimi naona mwaliko useme mtakachofanya, na itikadi mwanachama aikute ndani, aipime kwa maisha yake. Lakini akiuliza, asidanganywe: mwambie ndiyo, ni kikundi cha kifeministi, na umweleze unamaanisha nini.

Kumbuka pia kwamba simu ya mtu inaweza kuwa inasomwa na mwingine. Kwa mtu usiyejua hali ya nyumbani kwake, mwaliko wa mdomo ni salama kuliko wa maandishi.

Hatua ya 5: Tunga swali

Hapa usiwe na haraka.

Swali baya ni hili: "Mfumo dume unawaathiri vipi wanawake katika jamii?" Majibu yake tunayajua wote, yameshaandikwa kwenye mabango. Aliyesoma sana atahutubia, wengine watatingisha vichwa. Swali zuri linamrudisha mtu mahali fulani, siku fulani, akiwa na watu fulani. Linajibika na profesa na asiyewahi kukanyaga darasa, na wote wawili wanakuwa sawa kwa sababu kila mmoja ndiye mtaalamu wa maisha yake.

Haya hapa ya kuanzia. Mara ya mwisho ulipokatizwa ukiwa unazungumza ilikuwa wapi, na ulifanya nini? Ulijifunza lini, na kwa nani, kwamba kuna saa usizopaswa kutembea peke yako? Nani alikueleza habari za hedhi, na alitumia maneno gani? Kaka yako aliruhusiwa nini ambacho wewe ulikatazwa? Pesa ya kwanza uliyoipata kwa jasho lako ilikwenda wapi? Nyumbani kwenu, nani anajua pesa zote ziko wapi? Mara ya mwisho ulipokwenda hospitali, ulijuaje kama umesikilizwa au hukusikilizwa?

Usianze na maswali ya kitandani wala ya kipigo. Yatakuja yenyewe watu wakishazoeana, na yakija mapema watu hawarudi.

Chukua lile la kazi za jana, uone linavyofanya kazi. Wa kwanza karibu kila mara atasema, "Mimi jana sikufanya kitu, nilishinda nyumbani tu." Mwezeshaji, yaani anayeongoza kikao siku hiyo, asimsahihishe. Amwombe aanzie pale alipofumbua macho. Naye ataanza: niliamka kabla ya wengine, nikawasha jiko, nikatafuta soksi ya mtoto, nikampigia mama mkwe kumkumbusha dawa, nikafua, nikapokea fundi... Akifika saa sita mchana, wenzake wameanza kucheka maana kila mmoja anaiona siku yake mwenyewe. Anayefuata ameajiriwa, atasema kazi zote hizo kwake zinafanywa na dada wa kazi. Vizuri: dada huyo analipwa kiasi gani, analala saa ngapi, na mbona hayumo humu? Swali la soksi limeshafika kwenye uchumi na tabaka, na hakuna aliyetoa mhadhara.

Kwa hiyo andaa maswali mawili matatu ya kufuatia mzunguko. Ni nini kimejirudia katika tuliyoyasikia? Nani ananufaika mambo yakibaki hivi? Yanashikiliwa na nini: sheria, mshahara, mazoea, hofu? Pasipo sehemu hii kikao hubaki kuwa cha kulalamika, watu wakapumua kidogo na kurudi kulekule.

Hatua ya 6: Kikao cha kwanza

Saa mbili zinatosha. Robo saa ya kwanza waachie watu wafike, wakae, wasalimiane. Mpange viti duara, na nyinyi watatu msikae pamoja. Robo saa inayofuata ni ya majina na makubaliano. Mtu ajitambulishe kwa jina analotaka aitwe. Vyeo, shahada na jina la mume vibaki nje. Kisha mzunguko wa swali, kama dakika arobaini na tano. Mapumziko mafupi. Halafu nusu saa ya mjadala wa wazi, na dakika chache za mwisho kila mtu aseme neno moja au sentensi moja anayoondoka nayo. Mmalize kwa wakati hata kama mazungumzo ni matamu. Aliyemuahidi mtu nyumbani kurudi saa fulani akichelewa leo, wiki mbili zijazo hataruhusiwa, au hatajiruhusu.

Makubaliano yatungwe na waliopo, lakini uje na rasimu, la sivyo mtakesha. Yasiyokosekana ni haya. Kinachosemwa humu kinabaki humu. Ukiguswa na hadithi ya mwenzio, beba funzo, hadithi iache. Hakuna kurekodi wala kupiga picha. Aliye kwenye zamu hakatizwi. Hakuna ushauri kwa asiyeuomba. Mtu anaweza kusema "napita" na asiulizwe kwa nini. Unaweza kupinga hoja, huwezi kumwambia mtu kwamba lililompata halikumpata.

Juu ya usiri, klabu ya wanawake ya Heterodoxy iliyoanza New York mwaka 1912 haikuandika kabisa mihtasari ya mikutano yake, ili wanachama waseme bila woga. Nanyi fanyeni hivyo. Andikeni tarehe, swali na mliyokubaliana kufanya, basi. Nani alisema nini kisiandikwe popote. Na usiri una mpaka ambao lazima utajwe kabla mtu hajaanza kusimulia: ikiwa mtoto anadhurika, au uhai wa mtu uko hatarini sasa hivi, kikundi hakitanyamaza. Ukiutaja baadaye, mtu ataona amesalitiwa.

Mzunguko uanze na mmoja wenu waanzilishi, na asimulie jambo la kweli lenye uzito wa wastani. Akianza na mzaha, wote watatania. Akianza na kidonda kikubwa kuliko vyote, wengine wataona vyao havistahili kusemwa.

Hatua ya 7: Panapokuwa pagumu

Mwezeshaji kazi yake ni kulinda zamu na kurudisha mazungumzo kwenye swali. Si mwalimu, na asiwe mtu mmoja siku zote. Mbadilishane kila kikao, pamoja na mtunza muda.

Tatizo la kawaida kuliko yote ni mshauri. Dada mmoja anasimulia jinsi mume wake anavyochukua kadi yake ya benki kila mwisho wa mwezi, na hajafika katikati.

"Mimi ningekuwa wewe ningemwacha zamani!" anadakia mwenzake.

"Samahani dada, bado yuko kwenye zamu yake. Tumwache amalize, halafu tutamuuliza kama anataka ushauri."

Sauti iwe ya kawaida, isiwe ya kukaripia. Ukifanya hivyo siku mbili za mwanzo, kuanzia ya tatu wanachama watakuwa wanalindana wenyewe.

Anayezungumza sana mara nyingi ni mtu ambaye hana pengine pa kuzungumzia. Mpe kazi ya kutunza muda, au mwambie pembeni, si mbele ya watu. Walio kimya usiwachokoze kwa jina. Kutaneni wawili wawili kwa dakika chache kabla ya mzunguko, utashangaa sauti zinavyotoka. Na kimya cha sekunde kumi na tano baada ya swali si dalili kwamba swali limeshindwa, kwa hiyo usilijibu mwenyewe.

Atakuja pia mwenye kupinga: mama mtu mzima atakayesema wanawake wenyewe ndio adui wa wanawake, au dini imeshamaliza mjadala. Usimpige kwa hoja. "Shikamoo mama, tungependa kusikia ilikuwaje kwako," kisha mpe dakika zake tano kama wengine. Akisimulia alivyonyanyaswa na mawifi, uliza mawifi hao walikuwa wanalinda nini, na nyumba ilikuwa ya nani. Anayekuja kuvuruga tu, bila hadithi yoyote, aelezwe kwa heshima kwamba kikundi hiki hakimfai.

Mtu akilia, mwache alie. Usikimbilie kumkumbatia bila kumuuliza, usimbembeleze anyamaze. Mwulize anataka kuendelea, kupumzika, au zamu ihamie kwa mwingine.

Halafu kuna ukatili. Kikundi cha wanawake kikikaa muda wa kutosha, mtu atasema anapigwa, au alibakwa, au anatishiwa. Msisubiri siku hiyo ndipo mtafute namba. Kabla ya kikao cha kwanza, nyinyi watatu mwandae karatasi yenye huduma zilizo karibu: hospitali, polisi, msaada wa kisheria, ushauri nasaha, nyumba salama kama ipo. Pigeni kila namba mhakikishe inapokelewa na mtu, tena mtu anayejibu vizuri. Namba nyingi zilizobandikwa ukutani zimeshakufa.

Jueni na saa zinazohusika. Aliyebakwa aende hospitali haraka iwezekanavyo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kusaidia hadi siku tano, ila kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Uamuzi wa kushtaki ni wake, na matibabu yasisubiri uamuzi huo.

Kwa anayepigwa nyumbani, msimsukume aondoke usiku huohuo. Wakati wa kuondoka, na miezi inayofuata, mara nyingi ndio hatari zaidi, kwa hiyo kuondoka kunahitaji mpango: vitambulisho, pesa kidogo, nguo za watoto, mtu wa kumpokea. Mwulize yeye anaona usalama wake uko wapi. Msimtumie ujumbe unaotaja jambo hilo. Na mwezeshaji asijigeuze mshauri nasaha. Kazi ya kikundi ni kumwamini, kumwonyesha mlango wa wataalamu, na kumsindikiza kama anataka.

Hatua ya 8: Kazi na madaraka

Vikundi vingi vya kifeministi hujivunia kutokuwa na viongozi. Mwaka 1970 mwanaharakati wa Marekani Jo Freeman alitoa hotuba, baadaye ikawa makala, akisema waziwazi kwamba kikundi kisicho na muundo hakipo. Muundo upo, umefichwa tu. Uamuzi unafanywa na marafiki wanaopigiana simu usiku, na aliye nje ya urafiki huo hajui hata pa kulalamikia. Dawa aliyopendekeza ni ya kawaida kabisa: kazi zitajwe, zigawanywe, aliyepewa awajibike kwa wote, zizungushwe, na taarifa zimfikie kila mtu.

Andikeni basi kazi zenu kwenye karatasi moja: kuwezesha, kutunza muda, kutafuta chumba, kukumbusha watu, kukaa na watoto, kupanga viti na kufagia baadaye. Hiyo ya mwisho iandikwe hasa. Angalia baada ya vikao vitatu ni nani anafagia. Kama ni mdogo kuliko wote, au asiye na shahada, mnayo mada ya kikao cha nne, na haihitaji kitabu.

Grupu la WhatsApp liwe la matangazo tu: siku, mahali, swali. Mjadala ukihamia kwenye simu, wasio na bando wanabaki nyuma, maneno yanapigwa picha na kusambazwa, na ugomvi unaozimika kwa dakika mbili uso kwa uso unawaka wiki nzima.

Pesa, kama si lazima, zisiwepo. Zikiwepo, hesabu isomwe kila kikao kwa sauti.

Hatua ya 9: Kusoma pamoja

Baada ya vikao vitano sita, watu wataanza kutaka kitu cha kushika. Chagueni maandishi ya ukurasa mmoja au miwili, yasomwe kwa sauti palepale, ili asiyepata muda wa kusoma nyumbani asitengwe.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake, uliopitishwa tarehe 18 Desemba 1979, unafaa sana kwa kazi hii. Someni ibara ya 5, inayozitaka nchi zibadilishe mienendo na mila zinazomweka mwanamke chini, na ibara ya 16, inayohusu usawa katika ndoa na familia. Kisha tafuteni: nchi yetu imeridhia? Iliweka masharti, yaani ilisema haitafungwa na baadhi ya ibara? Ibara ya 16 ni miongoni mwa zile zilizowekewa masharti na nchi nyingi, na Marekani ilitia saini mwaka 1980 lakini mpaka leo haijaridhia mkataba wenyewe. Walio Afrika waongeze Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, makubaliano ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake: ibara ya 6 inaweka umri wa chini wa kuolewa kuwa miaka 18, na ibara ya 21 inahusu urithi. Ukishamsikia mwenzako akisimulia alivyotolewa kwenye nyumba ya marehemu mume wake, ibara hiyo haisomeki tena kama makaratasi ya wanasheria.

Hatua ya 10: Kutoka kwenye maneno

Wakati fulani mtu atauliza, "Sasa tunafanya nini?" Msiharakishe kujibu, ila msilikwepe. Wanawake waliokutana kwenye warsha moja Boston mwaka 1969 walijaribu kuandika orodha ya madaktari wa kuaminika, wakaona hawana wa kuwaandika. Wakagawana mada, kila mmoja akaenda kutafiti sehemu yake ya mwili na afya, wakaja kufundishana. Mwaka 1970 maandishi yao yakatoka kama kijitabu cha kurasa 193 kilichobanwa kwa pini na kuuzwa senti 75, na baadaye kikawa kitabu maarufu duniani cha afya ya wanawake kilichoandikwa na wanawake wenyewe. Chanzo chake kilikuwa kero moja iliyojirudia kwenye duara.

Chagueni nanyi kero iliyojirudia, moja tu, iliyo ndani ya uwezo wenu: taa ya njia fulani, choo cha wasichana shuleni, fomu inayodai saini ya mume. Anayetaka kushiriki ashiriki, asiyetaka aendelee kuja kuzungumza bila kusutwa.

Tegemeeni mahudhurio kupungua mwezi wa tatu hivi tangu mwanze. Ndiyo kawaida, hamu ya mwanzo imeisha na mazoea hayajajengeka. Wakibaki watano, endeleeni na watano. Wapya wapokeeni wawili wawili kwa vipindi, na mara zote wasomeeni makubaliano upya. Mkizidi kumi na wawili, gawanyikeni, na waanzilishi msiende wote upande mmoja. Na kama kikundi kimefika mwisho wake, kifungeni kwa kikao: namba za watu zifutwe, grupu lifungwe, ufunguo wa chumba urudishwe, na pesa zilizobaki, hata zikiwa kidogo, ziamuliwe na wote waliopo kabla hamjaagana.